Mtani Aliyekuja Kunizika

Mtera, 9 Machi 2025

Mjukuu wangu Aneth,

Basi huyo huyo aliyesema mafuta yako atapaka mnyororo wa baiskeli, ndiye tuanze naye. Hao waliokusifu waache kwanza, watakaa. Evelina amenisomea karatasi zote ulizompa Iddy wa basi aniletee. Anashona sare za kwaya, kwa hiyo tunaandika akipumzisha mguu, ukiona barua imekatika ujue mteja ameingia.

Nakuuliza, kwa nini ulimfuta? Evelina anasema kwenye hilo gazeti lako la kwenye simu, lile unalotangazia mafuta ya alizeti, mtu akiandika kitu wewe mwenyewe unaweza kukifuta. Ukakifuta. Halafu ukamwandikia, nimesomewa mara mbili sikuamini: "Ndugu mteja, tumepokea maoni yako kwa uzito unaostahili na tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu gani umejitokeza? Mtu hajanunua hata kijiko. Jina lake ulilisoma? Batholomeo Kikoti wa Iringa. Kikoti ni Mhehe, Aneth. Mhehe akimwambia Mgogo kwamba hajui kitu zaidi ya mlenda, hapo amepiga hodi. Wewe umemfungia mlango, halafu umemwomba radhi kupitia dirishani.

Sikulaumu sana, shule zako zilikuwa za mbali. Ulikuwa mdogo babu yako alipofariki. Wahehe walivuka daraja hili la hapa, mmoja akavaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti chake, akadai chai. Akaanza kutukaripia kwa sauti ile ile ya mzee, nani ameacha ng'ombe waingie kwenye mtama. Tukacheka mpaka kilio kikatoka vizuri. Mtani kazi yake hiyo. Sasa mtu kama huyo unamwita ndugu mteja.

Mjibu hivi, na usirekebishe: Wewe Kikoti, huu ni mdomo wa bibi yake Aneth. Mnyororo utaupaka kama baiskeli unayo, maana baba zenu walikuwa wanakimbia hata mkokoteni. Mlenda wetu ukiuonja utasahau njia ya kwenu. Njoo Kizota ununue mafuta, lakini tuambie mapema siku unayokuja, tuwafungie mbwa wetu ndani, tunawajua Wahehe.

Evelina anacheka, ameharibu mstari.

Na hayo mengine uliyoandika. Nilikuwa namuuliza Evelina, anayesema hapa ni nani? "Kampuni yetu imejizatiti." Kampuni ni wewe na ile mashine uliyokodi kwa Khalidi. Mimi Aneth ninayemjua akija hapa ananukia mashudu ya alizeti, anatuigizia mashine inavyokohoa mbegu zikiwa na mchanga, mpaka mama mchungaji anashika mbavu. Mjukuu gani mwingine huku anaisikiliza mashine kama mtoto mgonjwa akajua inaumwa wapi? Nakusifia kwa watu mpaka wakiniona wanapita njia ya nyuma. Kwenye karatasi hizi sikumwona. Umemficha wapi?

Mwenye sare amekuja. Kula vizuri.

Bibi yako, Yudith
(mwandishi ni Evelina fundi)


Kizota, Dodoma, 16 Machi 2025

Bibi, shikamoo.

Nilikaa na barua yako siku nzima nikiogopa. Kwenye semina ya wajasiriamali tulifundishwa mteja habishiwi, na wewe unaniambia nimtukane. Mwisho nikaiweka kama ulivyosema, hata mbwa nikawaacha.

Kikoti alijibu chai yangu ikiwa bado ya moto. Alisema, "Kumbe kwenye duka hili kuna mtu." Halafu akasema mbwa wa Ugogoni wamekonda, hawafai hata kwa mchuzi. Wakaingia Wagogo wa Dar kumjibu, wakaingia Wahehe wa Mafinga kumtetea, wakaingia wafanyakazi wa maofisini hapa mjini ambao hawahusiki kabisa na wao wakataka waulizwe wanatoka wapi. Kuna mama wa wizarani alikuja na dumu lake mwenyewe, akaniambia amecheka mbele ya bosi. Sijawahi kupata wageni wengi hivi tangu nianze blogu.

Wote wanamuulizia Bibi. Naomba uniambie mengine, chochote, hata kidogo. Yangu mimi hayana mvuto, nimejaribu.

Mambo mengine ni mazuri. Khalidi ananiulizia mashine kidogo, lakini siyo kitu cha kukusumbua.

Mjukuu wako,
Aneth


Mtera, 24 Machi 2025

Marahaba, mke mwenzangu.

Kidogo ni nini? Mtu mwenye mashine yake hawezi kukuulizia kidogo. Ama anaitaka ama haitaki. Niandikie hilo kwanza, hayo ya mama wa wizarani nimeyafurahia lakini hayanijibu.

Unataka mengine. Mimi mafuta ninajua ya kukaangia tu. Samaki wa hapa bwawani ukimtia kwenye mafuta machafu anarudisha harufu ya mtu aliyeyakamua, hilo nalijua, liandike kama unalitaka. Nikikaangia ya kwako jirani anakuja bila kuitwa, na hilo ni kweli, muulize Evelina, jirani mwenyewe ni yeye. Amekataa kuliandika, nimemsimamia.

Lakini ukitaka niseme kila wiki nitaanza kusema uongo, najijua. Nikiishiwa ya kweli mdomo haufungi. Sema wewe. Siku ile ukanda wa mashine ulipokatika ukafunga na mshipi wa gauni lako ukakamua mpaka jioni, mbona hiyo hujaiandika? Mimi nimeisimulia Mtera nzima, mpaka wavuvi wanaijua, na watu wako wa simu hawaijui.

Sasa nasafiri. Shangazi yako Angelina amejifungua, nakwenda Kolo kumsaidia mpaka apate nguvu. Usitume barua. Simu uliyoninunulia iliingia kwenye ndoo ya maji mwezi uliopita, nilikuwa sijakuambia. Ya Angelina mumewe anatembea nayo. Kwa hiyo mimi nimepotea mpaka nirudi.

Kidogo ni nini, Aneth.

Bibi yako, Yudith


Mtera, 29 Aprili 2025

Aneth,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu huku bado kuna watu wananigusa mkono nikipita.

Juzi nimeshuka kwenye basi na mfuko wangu wa karanga, nimechoka, Kolo ni mbali na mjukuu mpya analia kama mbunge. Nikaona nje kwangu mabenchi ya kanisa. Nikasema labda kuna mkutano wa maji. Wanawake wamejifunga kanga, moto umewashwa, sufuria kubwa ile ya shule ipo. Nikamuuliza mtu aliyekuwa amenipa mgongo, nani amefariki? Akasema Bibi Yudith, maiti inatoka Kolo, inachelewa. Ndipo akageuka.

Waliokimbia wamekimbia. Mama mchungaji alikaa chini. Evelina hakukimbia, lakini ni kwa sababu gauni langu la kitenge alikuwa amelivaa, ameshalipunguza kiunoni. Anasema nilimwahidi. Anaandika sasa hivi ameinama, hataki kuniangalia.

Nyuma ya nyumba nikakuta mtu ndani ya shimo anachimba, mfupi, mnene, jasho tupu. Akaniona, akaegemea jembe, hakushtuka. Akasema, "Wewe ndiye bibi wa mbwa? Umenichosha bure, udongo wenu ni mgumu kama roho zenu." Nikajua ni Kikoti.

Sasa sikiliza msiba wangu ulianzia wapi, kwa sababu ulianzia kwako.

Alipotoka shimoni nikampa maji, akatoa simu, Evelina akanisomea. "Bibi Yudith asema: Mafuta safi hutoka katika moyo safi." Nikasema lini? "Bibi Yudith asema: Kila jioni huketi nje ya nyumba yangu, nikitazama jua likizama na kutafakari maisha." Aneth, jioni mimi nafukuza kuku waingie ndani. Kuna zaidi ya hayo, kuna moja ya uvumilivu, Evelina ameisoma watu wakaguna wote kama kanisani. Huyo bibi ni mzuri sana, ametulia, hana hata kikohozi. Nami simjui.

Kikoti naye hakumjua. Ndiyo akaandika pale chini, kwa utani wake: "Poleni kwa msiba wa bibi yenu, maana huyu anayeongea sasa siye. Nakuja kumzika, watani andaeni chai." Watani wakaelewa. Wasiokuwa watani wakaandika pole, wa kweli, na kulia. Mtoto wa dada yangu akaona hizo pole, akakupigia wewe. Hukupokea. Wakapiga wengine. Hukupokea. Wakasema basi ni kweli, Aneth ameshindwa hata kuongea. Mume wa Angelina wakampigia, simu haipatikani, wakasema basi yuko njiani analeta maiti. Na Kikoti mwenyewe, alipoona pole zimekuwa nyingi hivyo na wewe umenyamaza, akaingiwa na hofu kwamba amemtania mfu. Akafunga safari. Alivuka daraja na gunia la viazi, hajui hata sura yangu. Akachukua jembe kwa sababu mtani akifika msibani hakai.

Nimemheshimu kwa hilo. Mtu hatujaonana, tumetukanana tu kupitia kwako, akaja kunichimbia.

Alikunywa togwa, akakaa kwenye benchi la msiba wangu, akaniambia jambo nililomwambia Evelina aliandike kama lilivyo. Alisema hivi: "Mama, mimi nawanunulia mafuta akina mama wa chipsi na maandazi Iringa. Mafuta yakiharibika wananijia nyumbani. Sasa na mimi nataka nijue nitamwendea nani. Yule wa kwanza nilijua nikimwendea atanitukana, halafu atanisikiliza. Huyu wa sasa nikimpelekea malalamiko atanipa neno la hekima."

Nikamwambia mjukuu wangu siyo huyo, mjukuu wangu ni fundi, ana mdomo, ana mikono. Nikamsimulia ile ya mshipi wa gauni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo mbona hajawahi kuniandikia?"

Shimo sikulifukia. Nimepanda mpapai.

Nataka mambo mawili. Kwa nini hukupokea simu. Na kidogo ni nini.

Bibi yako aliye hai, Yudith


Kizota, 4 Mei 2025

Bibi, shikamoo.

Nimeanza barua hii nikaiacha, nikaanza tena. Naomba unisamehe. Nilipoona Kikoti ameandika pole nilijua maana yake mara moja, nilijua amenigundua. Niliona aibu, nikaizima simu. Sikujua kwamba nje watu wanakulilia.

Kidogo ni hiki. Khalidi ana mtu mwingine anayeitaka mashine. Aliniambia tangu Machi, kama msimu huu sipati mnunuzi wa uhakika, wa kuchukua mafuta mfululizo, anaipeleka kwa huyo mwisho wa Mei. Wateja wa chupa hawatoshi. Nilikuwa na kitu kimoja tu kilichowaleta watu, nacho ni wewe, na wewe ulikuwa Kolo. Nikatunga. Nilidhani bibi mwenye hekima ndiye wanayemtaka. Mimi ni msichana wa Kizota mwenye mafuta kwenye kucha, nani asome habari zangu?

Barua yako ilipofika nilikaa kwenye magunia nikaandika kabla sijaogopa. Nimeiweka kwenye blogu jana. Naiambatisha hapa, Evelina akusomee.

"Bibi yangu yu hai. Aliyekufa ni bibi niliyemtunga mimi, na hatakuwa na matanga. Naitwa Aneth. Nakamua alizeti Kizota, nyuma ya mafundi wa vyuma, ukifika uliza yule dada anayegombana na mashine. Wiki ya Pasaka nilikuwa na haraka, nikakamua mbegu mpya ambazo hazijakauka. Mafuta yale yanatoa povu kikaangoni. Nililiona povu nikauza hivyo hivyo, nikaweka neno la Bibi juu yake. Kama unayo chupa ya wiki ile irudishe, nitakupa nyingine, na ukija kunigombeza nitakupa kiti. Mashine siyo yangu. Nikiipoteza nitawaambia hapa hapa. Kikoti, nakusalimu. Ulimzika bibi wangu wa kutunga kama mimi nilivyokufuta wewe, tumelipana. Mafuta ya leo nimeyakaangia viazi vya Kihehe nilivyonunua sokoni, na tatizo lililobaki ni viazi."

Chupa zimeanza kurudi, Bibi. Yule mama wa wizarani amerudisha ya kwake, amekaa kwenye kiti, amenisema mpaka nikatoka machozi. Halafu akaondoka na dumu jipya. Sijui ni dalili nzuri au ni huruma. Kikoti hajajibu kitu. Khalidi amesoma, amepita mlangoni, amesema "haya," akaenda zake.

Ninaogopa, lakini nalala.

Mjukuu wako,
Aneth


Mtera, 17 Mei 2025

Marahaba, marahaba, na mbukwa yetu ya Kigogo, mjukuu wangu,

Evelina amenisomea hiyo karatasi mara nyingi mpaka sasa naweza kuisema mwenyewe. Alipofika kwenye "nitakupa kiti" nilimwambia asimame kidogo. Huyo ndiye. Nilimsikia kabisa, mpaka nikageuka kuangalia mlangoni. Unajua mtu akiongea unavyojua amekaa vipi? Ningejua umekaa kwenye magunia hata kama usingesema.

Nimempelekea mama mchungaji, naye kamsomea mumewe. Wavuvi wameitaka, nimewaambia mikono yao ina magamba, wasikilize tu. Mmoja akauliza huyu msichana anajitangaza au anajishtaki? Nikamwambia anaongea, wewe hujazoea kuongeleshwa na mtu anayekuuzia kitu. Mimi ningeweza kusema lile la povu? Sijui. Mimi ninasema sana kwa sababu sina cha kupoteza, mdomo wangu hauuzi kitu. Wewe ulikuwa na mashine mkononi mwako na ukasema. Hapo umenipita, na mimi hupitwa mara chache, Evelina atashuhudia. Amesema ndiyo. Gauni nimemwachia, lilishamkaa.

Lile la viazi hasa limenifurahisha. Hilo hukulipata kwangu. Nimejiuliza limetoka wapi, nikakumbuka babu yako alikuwa anaongea hivyo hivyo, anachoma halafu anaangalia pembeni.

Kuhusu Khalidi, usimchukie. Mashine ni yake. Mimi mbuzi wangu nikimwazima mtu na mwingine akamtaka, nitauliza pia. Ila "haya" ya mtu kama yule siyo ndogo, mumewe Batuli wa Kolo alimposa kwa neno hilo hilo, hakuongeza, na mpaka leo wana watoto na ng'ombe. Batuli humjui, ni jirani wa Angelina, ana jicho moja lakini anaona kila kitu, aliniambia siku ya kwanza tu kwamba mtoto atafanana na mimi mdomo, nikamwambia mtoto wa wiki moja hana mdomo, ana tundu, akasema subiri...

Evelina anasema nirudi kwenye barua.

Nilitaka kusema kwamba kama mashine inaondoka, usije ukaona umeshindwa kwa sababu ya kusema kweli. Njoo huku, tutakaanga samaki, tutatafuta nyingine. Watu waliokujua hawaondoki na mashine. Na kama haiondoki

subiri, kuna gari linapiga honi barabarani kama limebeba maiti. Evelina amekwenda kuchungulia.

Anasema ni lori, kanta la Iringa, limejaa madumu matupu mpaka juu yamefungwa kamba. Anasema mfupi mnene ameshuka.

Aneth, ni yeye. Anapiga kelele kutoka barabarani, kijiji kizima kinasikia, anasema, "Bibi wa mbwa, vaa viatu, unipeleke kwa huyo mwenye kiti. Nina malalamiko kuhusu viazi." Nimemuuliza na hayo madumu ni ya nini? Amesema ni ya kulia machozi.

Evelina nipe kanga ile, siyo hiyo, ile ya harusi. Andika, usiache. Mwambie Aneth hii barua sijui naituma kwa nani, nitafika nayo mwenyewe mkononi, akiisoma nitakuwa nimekaa kwenye kiti chake namwangalia. Mwambie awashe mashine, nataka Mhehe aisikie inavyokohoa. Mwambie amwite na Khalidi. Na kuku, Evelina, jioni uwaingize, yule mwekundu anajifanya hasikii.

Nakuja, we Kikoti, usipige tena hiyo honi, nimeshakufa mara moja mwaka huu